Mwanafunzi wa Ishara na Msaidizi wa Lugha: Maisha ya Bayume Mohamed Husen, 1904–1944

Historia ya taaluma za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Ulaya aghalabu husimuliwa kwa majina ya maprofesa. Hutajwa Carl Velten na mkusanyiko wake wa maandiko ya Waswahili, hutajwa Carl Meinhof na sarufi yake linganishi ya lugha za Kibantu, hutajwa Diedrich Westermann na kiti chake cha Berlin. Majina hayo yanastahili kutajwa. Lakini katika kila darasa la Kiswahili lililofundishwa Ujerumani tangu kufunguliwa kwa Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, pembeni mwa meza ya profesa alikaa mtu mwingine, mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki au wa visiwa vyake, ambaye kazi yake ilikuwa kutamka, kurudia, kusahihisha na kujibu maswali. Mara nyingine huyu aliitwa mwalimu. Mara nyingi zaidi aliitwa msaidizi wa lugha, na alilipwa kama msaidizi.

Mmoja wa watu hao aliianza safari yake ya kuhudumia maneno ya wengine akiwa mtoto, katika jeshi. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, na jina alilopewa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mwanafunzi wa ishara katika jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, akawa mtumishi wa meli, mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Berlin. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Asili ya familia yake inaeleza mengi kuhusu lugha aliyokuja kuifundisha. Baba yake alikuwa mwanajeshi mwenye asili ya Sudani aliyefikia cheo cha efendi, ambacho ndicho kilichokuwa cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi lile. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, alianza kwa kuajiri nchini Misri askari wa Kisudani wapatao 600, waliokuwa wamebaki bila kazi baada ya jeshi la Misri kuondolewa Sudani. Watu hao walikuja na vyeo vyao. Ndiyo maana jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki liliendeshwa kwa vyeo vya Kituruki vilivyopitia Kiarabu cha Misri: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Vingi vimetoweka. Kimoja kimebaki hai na kinasikika hadi leo katika vituo vya polisi na kambi za jeshi za Tanzania na Kenya, nacho ni afande. Neno hilo linatokana na efendi ya Kituruki, ambayo nayo Waturuki waliichukua kwa Wagiriki. Askari anayempigia saluti mkubwa wake leo anatamka, bila ya kujua, neno lililotoka Bahari ya Mediterania likapanda Mto Nile na kushuka pwani ya Uswahilini.

Katika kambi hizo palizaliwa watoto ambao baba zao walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi au Wasukuma, na ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Mahjub alikuwa mmoja wao. Kiswahili chake hakikuwa cha watunzi wa tenzi wala cha wanazuoni wa Lamu na Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha mji mpya na cha kambi, chenye haraka na chenye maneno ya kila kabila. Wataalamu wa zama zile walikitazama Kiswahili cha namna hiyo kwa jicho la mashaka. Hata hivyo ndicho kilichoienea bara nzima, na ndicho kilichobeba utawala wa Wajerumani mabegani. Juu ya lugha hiyo mtoto akaongeza Kijerumani, alichojifunza kabla ya vita. Kujua Kijerumani na kujua kusoma herufi za Kirumi ndiko kulikomfikisha kwenye kioo cha ishara.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuieleza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaolisikia neno mawasiliano huwaza simu na redio. Mwaka 1914 waya wa simu ulifuata reli na miji michache. (Neno simu lenyewe ni la Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya fedha na ya waya muda mrefu kabla ya kuwa na maana ya chombo cha kuongelea.) Pasipofika waya, jeshi lilitumia heliografu: kioo cha mviringo kilichowekwa juu ya miguu mitatu, chenye kitufe cha kukiinamisha kidogo ili mwanga wa jua umulike kituo cha mbali au uondoke. Mmuliko mfupi na mmuliko mrefu vilifanya herufi za Morse. Usiku ilitumika taa. Kutoka kilima hadi kilima habari iliweza kuruka makumi ya kilomita kwa dakika chache, mahali ambapo tarishi angetembea siku nzima au mbili. Lakini chombo hicho kilikuwa mtumwa wa hali ya hewa. Wingu moja lilitosha kukata sentensi katikati, na wakati wa masika kazi ilikaribia kusimama kabisa. Tena kituo cha ishara kilipaswa kuwa juu na wazi, na mahali panapoonekana na rafiki huonekana pia na adui.

Mpokeaji wa ishara hakulazimika kuielewa habari. Alilazimika kuiona herufi, kuitaja, na mwenzake kuiandika. Kisha herufi inayofuata. Kwa kazi hiyo walifunzwa vijana wadogo wenye macho makali na waliokwisha kupita shule, wengi wao wakiwa watoto wa askari. Wajerumani waliwaita wanafunzi wa ishara. Kwa mwanaisimu jambo hili lina uzito wake. Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili alipokea lugha ya Kijerumani iliyokatwakatwa vipande vidogo kuliko silabi, akaipitisha mikononi mwake bila ya kukosea, na ujumbe ukabaki kuwa mali ya mtu mwingine.

Vita vilipoanza Agosti 1914 Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliingia jeshini pamoja na baba yake. Kwa msomaji wa leo hilo ni jambo la kushtua, na linapaswa kuitwa kwa jina lake: alikuwa mtoto jeshini. Wakati huohuo ni lazima ikumbukwe jinsi jeshi lile lilivyotembea. Nyuma ya kila kikosi waliandamana wake, watoto, watumishi na wapagazi, na mtoto wa askari hakuwa na nyumba nyingine ya kukaa zaidi ya msafara. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliurudisha msafara huo kusini hatua kwa hatua, akipigana na majeshi ya Uingereza, Afrika ya Kusini, India na Ubelgiji, na njia waliyopita ilibaki bila chakula.

Oktoba 1917 vita vilifika Mahiwa, bara ya Lindi. Kwa siku nne, tarehe 15 hadi 18, yalipiganwa mapigano makali kuliko karibu yote yaliyotangulia. Katika upande wa Waingereza walikuwapo kwa wingi askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, na hasara yao ilizidi watu 2,000 kati ya 5,000 hivi. Kwa hiyo pale Mahiwa Waafrika waliuana kwa bunduki za mataifa mawili ya Ulaya. Mahjub alijeruhiwa katika mapigano hayo na kuchukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, aliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Mwanafunzi wa ishara hakuyaona hayo. Kwake vita vilikuwa vimekwisha, na mshahara ulikuwa haujalipwa.

Deni hilo la mshahara ndilo lililomfikisha Ulaya. Baada ya vita alifanya kazi katika meli, na kufikia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani iliyosafiri hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita. Jibu hilo halikuwa na ukali wowote. Lilikuwa la kiofisi tu. (Miaka thelathini na mitano baadaye, mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai Tanganyika, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.)

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akapata kazi ya kuhudumia meza katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe la Potsdamer Platz. Huko wateja walikula na kunywa katika kumbi zilizopambwa kama nchi za mbali, na mhudumu mweusi alikuwa sehemu ya mapambo. Mwishoni mwa Januari 1933, siku chache kabla ya Adolf Hitler kuteuliwa Kansela, alimwoa Maria Schwandner. Kwa sheria ya wakati ule mke alifuata uraia wa mume, na mume hakuwa raia wa mahali popote panapoeleweka. Alizaliwa chini ya bendera ya Ujerumani, lakini wenyeji wa makoloni hawakuwa raia wa Ujerumani. Nchi aliyozaliwa ilikuwa sasa Tanganyika chini ya udhamini wa Uingereza, ambayo yeye alikuwa amepigana nayo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kama mkate wake. Seminari ya Lugha za Mashariki ilikuwa na desturi ya muda mrefu ya kuajiri wasemaji wazawa. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifuata mwaka 1900, na maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903 kikiwa na jina la Velten juu ya jalada. Mtoro alimwoa Mjerumani. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala Afrika Mashariki hawakutaka kumkubali kama mwalimu mwenye hadhi, naye akaondoka mwaka 1905. Aliposafiri na mkewe kurudi Dar es Salaam, mkewe hakuruhusiwa kushuka melini, wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, miaka miwili tu kabla ya Husen kufika. Watu hawa wawili hawakukutana. Hata hivyo anayesoma habari zao sambamba hawezi kukwepa kuona kwamba taasisi ileile iliwahitaji kwa sababu ileile, na jamii ileile iliwaadhibu kwa kosa lilelile la kupenda.

Husen alifanya kazi chini ya Westermann, mtaalamu wa Kiewe aliyekuwa pia mmoja wa wakurugenzi wa mwanzo wa Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliyoundwa London mwaka 1926. Alisaidia katika madarasa ya chuo na katika mafunzo ya Kiswahili kwa maofisa na askari polisi, na malipo yake yalikuwa madogo. Inafaa kuutazama wakati wenyewe. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, ikisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja kama ilivyokubaliwa Mombasa mwaka 1928. Katika Afrika Mashariki Kiswahili kilikuwa kinawekewa kamusi na tahajia moja kwa ajili ya shule. Huko Berlin Kiswahili kilikuwa kinafundishwa kwa ajili ya koloni ambalo halikuwapo tena, kwa watu waliotumaini kulirudisha kwa siasa au kwa vita. Msaidizi wa lugha aliwafundisha salamu polisi waliokuwa wakiandaliwa kuwaamuru ndugu zake.

Je, alilijua hilo? Swali hili limeulizwa kwa sauti ya lawama, na haliwezi kuachwa. Husen hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alihudhuria mikutano ya vyama vilivyodai makoloni yarudishwe, akavaa sare ya askari na kusimama kando ya bendera. Mwaka 1934 aliomba Nishani ya Heshima waliyopewa waliopigana vitani. Alikataliwa, na nishani alizoonekana nazo kifuani baadaye hakupewa na serikali. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa tena. Wako wanaomsoma kama msaliti, na wako wanaomsoma kama mjinga aliyedanganyika. Maelezo yote mawili ni mepesi mno. Mtu asiye na uraia, mwenye mke na watoto, anayefukuzwa kazini kwa rangi yake kama yeye alivyofukuzwa Haus Vaterland mwaka 1935, hutafuta hati yoyote inayomthibitisha, na hati pekee aliyokuwa nayo Husen ilikuwa utumishi wake wa utotoni. Aliuonyesha kila mlango alioubisha. Hii haimwondolei wajibu wote, hasa kwa kuwa alishiriki pia katika maonyesho ya kusafiri yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo utawala wa Nazi uliyatumia kwa propaganda yake ya kikoloni. Lakini inaeleza kwa nini uaminifu ulikuwa sarafu ya mwisho mfukoni mwake.

Sinema nayo ilimlipa kwa sarafu hiyohiyo. Kati ya 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua ishirini, nyingi kama mtumishi, mpagazi au mlinzi wa mlango. Ya mwanzo inashangaza. Katika filamu ya Herbert Selpin ya mwaka 1934 kuhusu vita vya Afrika Mashariki, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, Husen mwenye umri wa miaka thelathini aliigiza mwanafunzi wa ishara. Alirudishwa kwenye kazi yake ya utotoni, safari hii mbele ya kamera, kwa maneno yaliyoandikwa na mwingine. Filamu ya mwisho ilikuwa Carl Peters ya mwaka 1941, ya Selpin huyohuyo, iliyomtukuza mtu ambaye watu wa Afrika Mashariki walimpa jina la Mkono wa Damu. Husen aliigiza mfuasi mwaminifu wa Peters.

Mwaka huohuo alikamatwa. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 zilipiga marufuku ndoa na mahusiano kati ya Wajerumani na Wayahudi, na maelekezo yaliyofuata yaliipanua marufuku hiyo hadi kwa Waafrika. Husen alishitakiwa na Gestapo kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Mahakama haikuketi. Alipelekwa Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa huko miaka mitatu hadi kifo chake. Chuo, majumba ya filamu, vyama vya kikoloni, maofisa waliopiga naye picha: hakuna aliyeweza au aliyetaka kumtoa.

Kwa zaidi ya nusu karne jina lake halikuonekana katika historia za taaluma. Mtoro alisalimika kwa sababu aliandika; kitabu chake kilitafsiriwa na J.W.T. Allen na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1981, na wanafunzi wa Kiswahili wanakisoma hadi leo. Husen hakuacha kitabu. Masahihisho ya matamshi hayahifadhiwi katika maktaba. Aliyemrudisha ni mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst wa Cologne, aliyefuatilia majalada ya ofisi moja baada ya nyingine na kuchapisha wasifu wake mwaka 2007. Mwaka huohuo kibao kidogo cha shaba kiliwekwa kwenye njia ya miguu mbele ya Brunnenstraße 193, Berlin, mahali alipoishi. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Majubs Reise, yaani safari ya Majub. Aliijenga kwa kukata vipande vya zile filamu za zamani ambamo Husen anapita nyuma ya waigizaji wakuu akiwa amebeba sinia.

Majub wa kichwa hicho cha filamu ni Mahjub, jina alilopewa Dar es Salaam. Kwa Kiarabu maana yake ni aliyefunikwa pazia, kutoka mzizi uleule uliotoa hijabu. Na sauti yake imebaki: katika filamu zile husikika akisema Kijerumani alichojifunza akiwa mtoto.